Kiti Kitupu cha Safu ya Mwisho

Rafiki yangu husafisha ndege, na hadi leo akinisimulia hili hutema mate kwanza. Ndege ilikuwa imetoka mji ulio umbali wa kilomita elfu tisa, safari ya saa kumi na moja angani, na wasafishaji walipewa dakika arobaini tu kuisafisha. Akaenda mbiombio, akipekua mifuko ya viti kwa mkono wenye glavu bila hata kuchungulia. Kwenye kiti cha mwisho vidole vikazama katika kitu laini. Akachota kucha zilizotafunwa, zinateleza kwa mate ya uvuguvugu, zinanuka vibaya.

"Kaka, nani alikaa hapa? Hana haya kabisa!"

"Hapo? Hapakukaa mtu, dada," mhudumu akajibu kutoka mlangoni. "Kilikuwa kitupu safari nzima."

Akarudisha mkono mfukoni mwa kiti kumalizia. Taa zikazimika, kama kawaida umeme wa ndege unapobadilishwa kuwa wa uwanjani. Gizani akasikia meno karibu yake, kwacha, kwacha, yakitafuna bila haraka.

Taa ziliporudi alikuwa peke yake. Akaivua glavu kwa kinyaa. Haikuwa na tundu hata moja. Lakini kidole chake cha shahada hakikuwa na ukucha, wala tone la damu, na kilikuwa kimelowa mate.