Goti la Refa

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imeharibika, na ngazi zilifurika watu. Fundi cherehani, mama wa makamo mwenye gauni la bibi harusi begani, alimkuta mwanamume amesimama katikati ya ngazi, suti ya kijivu imemkaa sawasawa, mkono umeng'ang'ania chuma cha pembeni.

"Kaka, unapanda au unashuka?"

"Nangoja goti liamue, dada."

Fundi alicheka mpaka gauni likamponyoka. Mwanamume akalidaka.

"Basi lishike hilo," Fundi akasema, "mimi nikushike wewe."

Huyo ndiye Refa. Miaka ishirini alikimbia viwanjani na filimbi. Sasa alifundisha hesabu, na goti lake la kulia lilikuwa hoi. Gegedu limelika, mfupa unasaga mfupa. Lakini kwa Fundi hakuwahi kulalamika. Kwa miezi mitano alipita dukani kwake kila jioni, amenukia, viatu vinang'aa.

"Kadi ya njano, mrembo. Simu umepokea mlio wa nane."

"Nipe nyekundu kabisa nikapumzike na maneno yako."

Siku moja alimuaga: anakwenda semina ya marefa, wiki mbili. Siku ya nne, Fundi akampigia. Ikapokea sauti ya mwanamke.

"Amelala. Naongea na nani?"

"Wewe ni nani?"

"Mama watoto wake. Tuko hospitali, wodi ya mifupa. Amebadilishwa goti juzi. Kwani hakukuambia?"

Fundi alijua walitalikiana miaka minane iliyopita, na kwamba mwanamke huyo ni muuguzi. Hilo halikumpoza. Alifika wodini na utepe wa kupimia ungali shingoni, akasimama mlangoni. Refa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, goti limevimba kama boga chini ya bandeji. Muuguzi amemshika kisigino. "Kunja. Bado. Kunja!" Refa akilia waziwazi, kamasi na machozi, na yule mwanamke akimfuta uso kwa kiganja kama anayefuta uso wa mtu wake.

Fundi aligeuka akaondoka. Wivu ulimwaka hadi masikioni.

Jioni simu ikaita.

"Mpenzi, nisikilize. Niliona aibu. Sikutaka unione na mpira wa mkojo, nashikwa mkono kwenda chooni."

"Yeye akuone?"

"Yeye alishaniona vibaya zamani. Hana cha kupoteza."

"Ndiyo hivyo! Mimi umeniletea suti na manukato. Machozi umempelekea yeye. Sasa nani mpenzi wako hapo?"

Akakata. Siku tisa hakupokea simu zake. Alishona mikono ya gauni kinyumenyume, akafumua, akashona tena vilevile.

Siku ya kumi muuguzi mwenyewe aliingia dukani, sare bado mwilini.

"Mdogo wangu, sikuja kugombana. Daktari ameondoa ncha za mifupa zilizolika, akaivika mifupa chuma, katikati akaweka plastiki ngumu. Kazi yake ameifanya vizuri. Iliyobaki ni mazoezi, na yanauma. Sasa hivi goti linakunjika nyuzi sitini tu. Akizembea, litakakamaa hivyohivyo. Yuko kwake peke yake, hataki kukunja, anatazama simu."

"Si uendelee naye? Unamjulia."

"Nilimjulia, ndiyo maana nikamwacha." Muuguzi akacheka, kisha akatulia. "Kila akizinduka kwenye dawa ya usingizi aliita 'Fundi'. Nilidhani anataka fundi wa bomba."

Fundi alifunga duka saa nane mchana. Alimkuta Refa kwenye kochi, fulana imepauka, ndevu hazijanyolewa, magongo mawili yamelala sakafuni. Hakumsalimia. Alipiga magoti, akamshika kisigino.

"Kunja."

"Mpenzi, kwanza tuongee..."

"Kunja, nimesema!"

Akakunja. Mshono mrefu, uliofungwa kwa pini kama zip, ukavutika. Akapiga yowe, machozi yakamtiririka. Fundi hakuyafuta. Aliyatazama yote, mpaka Refa akaona haya ya kuona haya.

"Sasa nimekuona," akasema taratibu. "Mbona sijakimbia?"

Walikunja kila siku. Wiki ya sita goti lilivuka nyuzi mia, na Refa akatembea hadi dirishani bila gongo. Akageuka.

"Nioe."

"Wewe ndiye unayetakiwa kunioa, bwana."

"Basi nikuoe. Lakini nikwambie ukweli mapema, nisije nikaficha tena. Daktari anasema la kushoto nalo limekwisha. Mwakani nalo litabadilishwa."

Fundi alimsogelea, akaliwekea kiganja lile goti la kushoto, akalibana kidogo.

"Nakubali," akasema. "Ila hili asiliguse mwanamke mwingine. Hili ni langu."