Lebo Iliyohamishwa Kimyakimya

Mikono sita ya Mshonaji ilishuka juu ya kifua cha Mwalimu Otmari Ngonyani, sindano zake nyembamba kuliko unywele. Roboti huyo alikwisha kushona mioyo mia mbili katika hospitali ya jiji la Mahinga, wala hakuwahi kukosea. Dakika ya kumi na moja, mkono wa nne ulikaza uzi kupita kiasi. Mshipa ukachanika. Madaktari waliingiza mikono yao wenyewe, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Nyuma ya kioo alisimama Gaudensia Haule, fundi wa Mshonaji. Asubuhi ile mwalimu alikuwa amemtania: "Mwambie huyo shemeji wa chuma asinitekenye."

Gaudensia alikwenda moja kwa moja kwenye mtambo uliomwongoza roboti. Mshonaji hakuwa na maarifa yake mwenyewe. Yote yalitoka Ghala Kuu, hifadhi ya mbali iliyolisha hospitali zote nchini. Kila toleo la maarifa hayo lililothibitishwa lilibandikwa lebo, na roboti alilitii toleo lenye lebo tu. Kila asubuhi Gaudensia aliagiza yaliyo mapya, nayo yakaja na lebo zake. Jumatatu ilikuja lebo iitwayo Imara-Saba.

Sasa alilinganisha lebo yake na ile ya Ghala. Jina moja, matoleo mawili. Watu wa Ghala walikuwa wamegundua kasoro hiyo ya kukaza uzi na kuirekebisha. Lakini badala ya kutoa Imara-Nane na kuitangaza, waliibandua lebo ileile wakaibandika kwenye toleo jipya. Toleo hilo lilikuwa limefika Mahinga tangu Jumatano. Ila mtambo una kanuni yake: lebo uliyo nayo tayari haiguswi unapoagiza, hata kama ilikotoka imehamishwa, mpaka uulazimishe mtambo kuihamisha. Na haukuambii kitu. Mshonaji aliendelea kuitii Imara-Saba ya Jumatatu.

Akampigia Lwitiko Mwakalinga, mkuu wa Ghala.

"Mlihamisha lebo, mkuu."

"Fundi, kwetu Imara-Saba ni toleo salama. Kama kwako ni jingine, hukuchukua inavyotakiwa."

"Nimeagiza kila siku ya Mungu! Mngesema neno moja tu..."

"Lazimisha lebo zote sasa hivi. Usicheze na maisha ya watu."

Simu ikakatwa. Gaudensia akaelewa. Lebo zile hazikuwa na saini wala tarehe. Akilazimisha, ya Mahinga ingehama kama ya Ghala, na hapangebaki cha kuonyesha kwamba iliwahi kubandikwa kwenye toleo bovu. Aliinuka akatafute mashahidi. Mlangoni akakutana na muuguzi Severina, anahema.

"Dada Gauda, kuna mama kaletwa kutoka kiwandani, mshipa wa paja umekatika. Wanamtaka Mshonaji. Hana dakika tano."

Gaudensia alirudi kwenye kiti. Akalibandika toleo bovu lebo yake mwenyewe, ili lisipotee. Kisha akalazimisha.

Yule mama alipona.

Tume ya uchunguzi ilikaa siku mbili. Hospitali nyingine zote zilikuwa zimeamriwa kulazimisha siku ileile, na kote Imara-Saba ilionekana safi. Mwenyekiti aliitazama lebo ya Gaudensia, akavua miwani.

"Hii umeiandika wewe, baada ya kifo. Hata mimi naweza kuandika lebo, binti."

Gaudensia akafukuzwa kazi kwa uzembe. Lwitiko akaagizwa aandae semina ya mafundi.

Jumapili Gaudensia alikwenda kwa mjane wa mwalimu, Bi. Yustina.

"Shikamoo, mama."

Bi. Yustina hakuitikia. Alisimama kizingitini, akamwacha aeleze yote, tangu lebo ya Jumatatu mpaka mama wa kiwandani.

"Kwa hiyo ulikuwa na kitu cha kuonyesha nani kamuua mume wangu."

"Nilikuwa nacho, mama."

"Ukakifuta wewe, kwa mkono wako."

"Nilikifuta."

"Kwa ajili ya nani?"

"Mama mmoja. Hata jina sikuliuliza."

Bi. Yustina alishika kitasa cha mlango.

"Basi na akushukuru huyo," alisema. "Mimi sina cha kukupa."

Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.