Fyuzi ya Pampu ya Mafuta

Jumatano, baada ya laasiri

Chumba cha nyuma cha gereji ya Mfaume, pale Isevya mjini Tabora, hakina dirisha. Kina benchi moja, harufu ya asidi, na betri kuukuu zilizopangwa ukutani. Wanaume wanne walikuwa ndani. Mlango ulifungwa kwa komeo.

Mfaume, mwenye gereji na mkuu wa kundi, alichuchumaa na kuchora barabara sakafuni kwa chaki.

"Ipole hapa. Sikonge hapa. Katikati msitu mtupu. Jumamosi mchana lori dogo, kenta, linatoka Ipole na nta ya nyuki. Dereva na utingo, basi. Sisi ni doria ya misitu. Magwanda ya kaki, kimulimuli juu ya pikapu. Tunasimamisha, Adinani anawafunga."

"Kwa upole," alisema Adinani, jitu la miraba minne lililozoea kupakia marobota ya tumbaku Urambo. "Mimi mtu wa dini."

"Wewe mtu wa pilau," alisema Uwesu, dereva. Wakacheka.

Sabiri, wa nne wao, hakucheka.

"Kenta inaingia porini," Mfaume aliendelea. "Njia ya zamani ya wapagazi. Inatokea Urambo, mnunuzi yupo. Pikapu inabaki barabara kuu mpaka geti la mazao ya misitu. Wale wa geti waione doria imepita, wasishuku kitu. Ukilikaribia geti, piga king'ora. Wakikisikia watanyanyua kizuizi. Usipokipiga watakuja dirishani kutaka kitambulisho, na kitambulisho hatuna."

"Nani anaendesha pikapu?" Sabiri aliuliza. Alijua jibu.

"Uwesu. Wewe fundi umeme. Funga kimulimuli na king'ora, halafu panda kenta na sisi."

Sabiri aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye shati la Uwesu. Mikono ilikunjwa mara tatu, bapa, ukingo juu ya kiwiko. Mtu mmoja tu Tabora nzima anakunja mikono ya shati la mumewe namna ile. Zuwena.

Zuwena alikuwa mke wa Sabiri. Mara mbili Sabiri alimpa talaka kwa hasira, mara mbili akamrejea. Mara ya tatu ulimi ukamponyoka tena, na ya tatu haina kurejea. Mpaka mwanamke aolewe na mwingine, akae naye, na huyo naye amwache kwa hiari yake. Sabiri akamwendea rafiki yake Uwesu kwa siri. Muoe, kaa naye kidogo, kisha umwache. Mapatano ya haramu, wote wawili walijua. Sheikh yeyote angewafukuza nayo barazani.

Uwesu akaoa. Mvua zikaja, zikaenda. Uwesu hakuacha.

Ijumaa, kabla ya swala

Pikapu ilikuwa ya petroli, kabini mbili. Sabiri alilala chali chini ya usukani, kifuniko cha kisanduku cha fyuzi kifuani, testa mkononi. Aliigusisha kwenye kila fyuzi. Hii ina umeme hata ufunguo ukitolewa, itamaliza betri. Hii inawaka ufunguo ukizungushwa tu, ya redio, hiyo ndiyo nzuri. Hii ya mifuko ya hewa ya ajali, haiguswi.

Akafika kwenye fyuzi ya pampu ya mafuta. Akatulia.

Fyuzi hiyo inabeba pampu na ziada kidogo. Ukiipachika kimulimuli, itavumilia. Ukiongeza king'ora, itakatika. Ikikatika, pampu inalala, na injini inazima pale pale.

Pale pale getini. Dereva peke yake, ndani ya gwanda la uongo.

"Fundi!" Uwesu alikuja na bakuli lililofunikwa kitambaa. "Shemeji yako kasema ule kabla ya swala."

"Nani?"

"Zuwena, nani mwingine?"

Vitumbua. Vya iliki nyingi, kama alivyopenda Sabiri. Au siku hizi ndivyo alivyopenda Uwesu? Sabiri hakugusa hata kimoja.

"Umeshajaribu king'ora?" Uwesu aliuliza.

"Mjini hapa? Unataka mtaa mzima utoke nje?"

"Basi nakuamini."

Sabiri alirudi chini ya usukani. Akachomeka waya wa kimulimuli kwenye fyuzi ya pampu. Akachomeka wa king'ora hapo hapo, bila kuupa fyuzi yake. Waya wa ethi, wa kurudisha umeme, akaubana kwenye bodi kwa boliti safi. Kazi nzuri ya mkono, kazi mbaya ya moyo. Kisha akatawadha, akaenda msikitini na wenzake, akasimama safu moja na Uwesu, bega kwa bega. Hakukumbuka hata rakaa moja aliyoiswali.

Jumamosi, adhuhuri

Walijibanza kwenye kivuli cha miyombo, nje kidogo ya barabara. Mfaume na Adinani walikuwa mbele wakichungulia. Sabiri na Uwesu walibaki kwenye pikapu.

"Utamwacha lini?" Sabiri aliuliza.

Uwesu hakujifanya hakuelewa. "Nilimwambia. Mara mbili nilimwambia, nakuacha, rudi kwa mwenyewe."

"Na?"

"Akaniambia, ukiniacha nakwenda kwa kaka yangu Ulyankulu nikalime. Kwa Sabiri sirudi." Uwesu alitazama usukani. "Sasa ndugu yangu, mwanamke anayenitaka nimwache vipi? Na mimi nimeshampenda. Nisamehe."

"Muongo."

"Muulize mwenyewe."

Sabiri alitaka kumshika koo. Badala yake alitabasamu. Saa hiyo aliifurahia ile fyuzi kama mtu anavyoifurahia sikukuu.

"Inakuja!" Adinani alipiga mluzi.

Mambo yakaenda haraka. Pikapu ikaruka barabarani, kimulimuli kikizunguka. Kenta ikafunga breki. Dereva alishuka na karatasi zake mkononi, amenyenyekea. Alipoliona gobole la Mfaume karatasi zilimwanguka. Adinani aliwafunga yeye na utingo kwenye mti, akawawekea chupa ya maji karibu na midomo, akawaomba radhi. Hakuna aliyepigwa. Nyuma ya kenta magunia ya nta yalinukia asali.

Sabiri alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kenta Mfaume alipomshika bega.

"Wewe nenda na pikapu."

"Tulisema kenta."

"Nimebadilisha. Kile king'ora hakijajaribiwa. Kikigoma njiani Uwesu atafanya nini? Fundi aende na kazi yake."

"Hakitagoma."

"Basi unaogopa nini?"

Kenta ilimezwa na msitu. Sabiri akaketi kiti cha abiria cha pikapu.

Laasiri inakaribia

Uwesu aliendesha kuelekea getini. Barabara ilipanda kidogo, ikaanza kukunja. Nyuma ya kona ile lilikuwapo lile geti. Mkono wa Uwesu ukaenda kwenye swichi.

Sabiri alijihesabia njia zake. Akinyamaza, watakamatwa wote. Atafungwa, na Zuwena atapeleka chakula gerezani. Atampelekea nani? Alijua. Atapita mbele yake na bakuli lile lile, ampe Uwesu. Hilo tu ndilo lililomfungua kinywa.

"Usiwashe."

"Kwa nini?"

"Simamisha gari. Usiwashe."

Uwesu alisimama kabla ya kona. Akamtazama. Dereva wa miaka mingi haelezwi mara mbili.

"Umechukua umeme kwenye fyuzi gani?"

"Ya pampu."

Injini ilinguruma taratibu.

"Kwa hiyo gari lingenizimikia getini kwao," alisema Uwesu. "Peke yangu."

"Ndiyo."

"Na juzi nakuletea vitumbua?"

"Jana," alisema Sabiri.

Uwesu alishuka, akamwachia mlango wazi. "Rekebisha."

Sabiri alipiga magoti kwenye vumbi, kichwa chini ya usukani. Vidole vilijua kazi. Alizing'oa nyaya mbili kwenye fyuzi ya pampu, akazihamishia kwenye ya redio, akakiwekea king'ora fyuzi yake chenyewe kwenye waya kama ilivyotakiwa toka mwanzo. Uwesu akaingia, akawasha. Akabonyeza swichi ya kwanza.

"Nenda nyuma uangalie kama kimulimuli kinazunguka."

Sabiri alikwenda nyuma. "Kinazunguka!"

"Na hiki?"

King'ora kililia. Kikali, safi, bila mkwaruzo. Uwesu alitoa kichwa dirishani.

"Zuwena nitamwambia umesafiri."

Pikapu ikaondoka. Sabiri alikimbia, akajikwaa, akainuka. Alipofika konani aliona kizuizi kimeshanyanyuliwa, na mlinzi wa geti amepiga saluti. Doria ilipita kwa kishindo kuelekea Tabora.

Alirudi nyuma ya kona na kusimama. Kuingia msituni bado kuliwezekana. Lakini mawazo yake hayakuwa msituni. Yalikuwa Gongoni, nyumbani kwa Uwesu, kwenye ua ambamo shati lile litafuliwa leo jioni.

Pikipiki mbili zikaja kutoka upande wa Ipole. Zilibeba wanaume wanne wenye mapanga. Wa mbele, mzee mrefu wa kanzu ya kazi iliyojaa madoa ya moshi wa mizinga, alishuka akihema.

"Afande! Mimi Ambrosi, wa chama cha wafugaji nyuki. Wametuibia nta yetu. Vijana wetu tumewaona wamefungwa kwenye mti, tumemwacha mmoja awafungue. Umewaona wezi?"

Afande. Sabiri alilitazama gwanda lake la kaki. Mungu alikuwa amemfungulia mlango wa mwisho. Kusema hapana kungetosha. Kunyoosha kidole porini kungetosha.

"Dereva wao anaitwa Uwesu," alisema. "Mwandikeni. Gongoni, nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya msikiti. Mpaka magharibi atakuwa nyumbani. Mkimkosa sebuleni, yuko uani."

Mzee Ambrosi alimtazama usoni, kisha viatu, kisha mikono myeusi ya grisi. Wenzake walishuka polepole, wakasimama pande zote.

"Afande," alisema mzee kwa sauti ya chini, "nyumba yake umeijuaje hivyo?"

"Humo ndani yumo mke wangu," alisema Sabiri.