Jiwe la Nne Liliitwa Kakule

Kila asubuhi kabla ya shule, Providence hufagia uwanja wa nyumba yao huko Butembo. Hufagia mbele, wanapopita wageni. Nyuma ya jiko hafiki. Mama yake amechoka kusema.

Kwa hiyo, siku darasa la sita lilipopelekwa upande wa Lubero kuona mawe marefu ya kilimani, Providence alikasirika kupangwa pamoja na Ornella. Ornella alipima kila jiwe mara mbili, kwa kamba yenye mafundo. Matope yalikuwa yamejaa kwenye soksi, ukungu unashuka, nao walikuwa bado kwenye jiwe la pili!

"Ornella, mais wewe! Jiwe ni jiwe tu. Unalipima kama unataka kulishonea robe ya harusi?"

"Mwalimu alisema tupime vizuri."

Mwalimu Salomon alikuwa ameeleza sababu. Watu walianza kuvunja mawe hayo ya kale ili wapate kokoto. Wanafunzi wangeandika hali ya kila jiwe, na karatasi ingepelekwa kwa chifu ili akataze uharibifu. Wazee waliyapa mawe majina ya ndugu sita, kwa kufuata zamu ya kuzaliwa: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa.

Majina hayo, ambayo kila nyumba huwapa wavulana wake kwa zamu hiyohiyo, nani asiyeyajua? Providence aliachia kamba, akamwacha Ornella kwenye jiwe la pili, akaketi, akaandika yote sita pamoja na vipimo vya kukisia. Dakika tano, kazi imekwisha.

Walipokusanyika, alisoma mbele ya wote. Mama Virginie, anayelima viazi katikati ya mawe, alisimama kusikiliza.

"Kakule, mita nne na nusu," Providence alisoma kwa sauti ya kanisani.

Mama Virginie aliweka jembe chini. "Kakule? Umemuona wapi, mutoto wangu? Kakule haiko tena. Walimuvunja mwaka uliopita."

Watoto waliangua kicheko. "Providence amefufua jiwe! Alleluia!"

Mwalimu hakucheka. "Donc, kumbe karatasi hii ingemwambia chifu kwamba hakuna kilichovunjwa," alisema taratibu.

Masikio ya Providence yaliwaka moto. Lililomuudhi zaidi ni kwamba hakupata wa kumlaumu, hata Ornella.

"Mwalimu, sikupima. Nilikisia."

Chini ya kilima dereva wa gari lililowaleta alipiga honi, waondoke. Akapiga tena. Ornella alimpa Providence ncha ya kamba. "Shika huku. Tunaanzia kwa Paluku."

Walipima kila jiwe mara mbili. Mahali pa nne walipima shimo, wakaandika: "Kakule. Amevunjwa. Limebaki shimo la hatua tatu."

Wakiteremka, Mwalimu Salomon alitembea kando ya Providence. "Majina uliyajua tangu utoto, ndiyo sababu hukuangalia. Kabla ya kuandika kitu kuwa ni kweli, nenda ukakione. Na ukikosea, sema kama ulivyosema leo."

Wiki mbili baadaye, chifu alifika kilimani na karatasi mkononi. Alisimama kwenye shimo la Kakule, akalipima kwa hatua zake: tatu. Siku hiyohiyo akakataza mtu yeyote kugusa mawe matano yaliyobaki.

Providence alipopata habari hiyo, alichukua ufagio akazunguka hadi nyuma ya jiko. Kwenye takataka aliokota mwiko ambao mama yake alikuwa akiutafuta tangu Pasaka.

"Mama! Mwiko ulikuwa huku!"

"Ulikuwa huku siku zote," mama alijibu. "Uliyekuwa hufiki ni wewe."