Ujumbe wa Januari

Haya yalimpata rafiki yangu Verna Toews wa mji wa Winnipeg, Novemba ya 1999, mchana kweupe. Yeye na fundi mwenzake, Lorne, walikuwa katika chumba cha chini ya ardhi cha jengo la kampuni moja ya nafaka, wakihakikisha mtambo wa simu hautachanganyikiwa tarehe mwaka 2000 ukiingia.

"Ukilipuka, mimi sikuwepo," Lorne alitania huku akitafuna donati.

"Tafuna kimya wewe, nafanya kazi."

Verna akaisogeza saa ya mtambo hadi Januari. Papo hapo taa za chumba zikazimika, ikabaki moja nyekundu ya mtambo, ikiwakawaka: kuna ujumbe wa sauti. Akainua simu, wakatega sikio wote wawili.

Walisikia mbao zikigongwa polepole, kama na mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku. Kisha sauti ya Lorne, ikihema: "Verna, uko wapi? Giza hili, sioni kitu!"

Lorne, aliyesimama ubavuni pake, aliacha kutafuna. "Mimi sijawahi kusema hayo," akanong'ona. "Kata simu, Verna. Tafadhali."

Verna hakuikata. Sauti nyingine ilikuwa imeanza kumjibu Lorne wa kwenye ujumbe kwa upole, nayo ilikuwa ya Verna mwenyewe.

"Niko hapa. Acha kugonga, Lorne. Walio nje watajua tumo humu."