Mafundi Waliosema Ndiyo

Chumvi ilikuwa imekwisha, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikwishaanza kuchemka.

Émérance alijifunga kitenge vizuri akachukua kikapu kidogo. Mdogo wake Véronique alikuwa mzazi, bado amelala na mtoto wake mchanga, na Heri, mume wa Véronique, alikuwa hajarudi kutoka shamba la pamba. Nje, jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima vya Kabambare, na moshi wa majiko ulikuwa umetanda chini chini juu ya mapaa.

"Yaya, usiende mbali," Véronique alimwambia dada yake kutoka kitandani. "Kama duka la sokoni limefungwa, rudi. Tutakula hivyo hivyo."

"Sombe bila chumvi? Na weye iko unanyonyesha? Lala. Narudi sasa hivi."

Ulikuwa mwaka wa 1952. Émérance alikuwa amekuja kutoka Kasongo juu ya kamio, lori la mchele, amekaa juu ya magunia, kuja kumsaidia mdogo wake. Kabambare hakuijua sana. Alijua kisima, soko, na njia ya kanisa, basi.

Duka lilikuwa limefungwa. Alisimama mbele ya mlango akigonga mara moja, mara ya pili. Hakuna. Akageuka kurudi.

Ndipo harufu ikamfikia.

Mkate.

Si mkate wowote. Ulikuwa mkate uliookwa juu ya jani la mgomba, jani likaungua pembeni kidogo, likaacha ule utamu wenye uchungu kwa mbali. Émérance alisimama pale pale. Katika maisha yake alimjua mtu mmoja tu aliyeoka hivyo. Na mtu huyo alikuwa amekufa.

Watu wa Kasongo wenye umri wanaikumbuka ile barabara ya zamani iliyoshuka kuelekea Lualaba, kabla Serikali ya Wabelgiji haijachonga barabara mpya ya makamio upande wa pili. Ilikuwa barabara ya vumbi jekundu, lakini ilikuwa na uhai! Asubuhi ulipokelewa na mzee Bulaimu, mwoka mikate, amesimama mbele ya tanuri lake la udongo, unga mpaka kwenye nyusi. Baada yake alikuwa Kasimu, fundi wa kinga, yaani baiskeli, ambaye alining'iniza magurudumu ukutani na kuutukana kila msumari uliomletea kazi, kana kwamba unamsikia. Na baada ya Kasimu ilikuwa baraza ya Dominique, mshonaji.

Dominique alikuwa mume wa Émérance.

Alishona kaptula za watoto wa misioni na kanzu za Waislamu, na karibu na sikukuu, iwe Noeli au Idi, masini yake ya kushona ilisikika mpaka kwenye nyumba za bondeni. Émérance aliweka mafiga yake pembeni ya baraza hiyo hiyo, akikaanga mikate ya mchele. Mteja aliyengoja suruali alikula. Aliyekuja kula aliona kitambaa akakitamani. Bulaimu aliwapelekea mkate uliobaki jioni, Kasimu akaja na kiti chake, na wakacheka mpaka giza likaingia.

Kisha kiangazi kimoja alikuja mgeni.

Alivaa koti la kijivu lenye vifungo vyote vimefungwa, hata saa ya joto kali. Hakuna aliyejua ametoka wapi. Alisimama mbele ya kila fundi kwa muda mrefu, naye hakumtazama mtu usoni. Alitazama mikono.

"Mikono yako mizuri," alikuwa akisema, kwa sauti ya chini, ya heshima. "Ungekubali kunifanyia kazi?"

Nao walimjibu kama anavyojibiwa mteja. Ndiyo, bwana. Siku moja, bwana. Bulaimu alisema ndiyo huku akipangusa unga. Kasimu alisema ndiyo bila kuinua kichwa. Dominique alisema ndiyo, sindano zikiwa mdomoni, akicheka. Émérance hakuulizwa. Alikuwa ameshuka kisimani kuchota maji.

Kabla ya mvua za kwanza, Bulaimu alikutwa amekaa mbele ya tanuri, amekufa. Hakuwa ameugua. Akafuata Kasimu. Halafu, asubuhi moja, Dominique aliinamisha kichwa juu ya kitambaa kama mtu anayepumzika kidogo, na mguu wake ukaacha kukanyaga masini.

Muganga wa Serikali alisema ni homa. Watu walisema mengine, kwa kunong'ona.

Baraza zikaanguka. Majani yakaota mahali pa tanuri. Émérance alimchukua binti yake Léontine wakahamia kwa shemeji yake Marcellin, na kila siku aliikumbuka ile barabara kwa namna iliyomuumiza kifua.

Sasa harufu ile ilikuwa hapa, Kabambare, ikimzunguka jioni.

Aliifuata. Alipita nyuma ya bohari ya pamba, akakuta njia inayoteremka, akateremka. Vyura walikuwa wakilia pande zote. Kisha, ghafla, wakanyamaza.

Vumbi chini ya miguu yake lilikuwa jekundu.

Aliona taa za mafuta, zimetundikwa baraza kwa baraza. Akasikia nyundo ikigonga chuma, polepole... ti... ti... ti... Na nyuma ya nyundo, sauti nyingine. Sauti aliyolala nayo na kuamka nayo miaka yote ya ndoa yake.

Masini ya kushona.

Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha. Woga ulikuja baadaye.

Mzee Bulaimu alikuwa mbele ya tanuri. Aliingiza mikono mitupu ndani ya moto, akatoa mkate, akauweka nyuma yake. Akarudia. Nyuma yake mikate ilikuwa imepangwa mpaka kugusa paa, na ile ya chini ilikuwa imeota ukungu wa kijani, imegandamana.

"Jambo, baba Bulaimu," Émérance alinong'ona.

Hakuinua macho. Unga ulikuwa kwenye nyusi zake kama zamani, lakini alipopumua... hapana. Hakupumua.

Kasimu alikuwa akigonga gurudumu lililokwisha kunyooka. Aligonga, akaligeuza, akagonga. Hakuitukana misumari. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kama umeshonwa.

Na barabara nzima haikuwa na mteja hata mmoja.

Émérance alifika kwenye baraza ya tatu. Dominique alikuwa ameinama juu ya masini, shingo ile ile nyembamba, kovu lile lile nyuma ya sikio. Miguu yake ilikanyaga bila kukoma. Sindano ilipanda na kushuka, nayo haikuwa na uzi. Pembeni yake kulikuwa na rundo la makoti.

Yote ya kijivu.

"Dominique..."

"Usiite jina." Sauti ilitoka kavu, kama majani makavu yanayokanyagwa. Hakugeuka.

"Ni miye."

"Najua. Nilisikia miguu yako. Rudi."

"Simama twende. Léontine amekuwa mukubwa, huwezi kumujua. Simama!"

"Siwezi. Nilikubali."

"Ulimujibu tu mutu! Ilikuwa maneno ya mudomo!"

"Kwake yanatosha." Masini ilikwenda, ilikwenda. "Sikiliza. Akikuuliza, usimujibu. Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Ukifungua mudomo tu, neno litatoka analotaka yeye. Umesikia? Sasa angalia upande wa mukono wako wa kuume... halafu kimbia."

Émérance aliangalia.

Pembeni ya baraza kulikuwa na mafiga matatu na karai juu yake. Mpini wa karai ulikuwa umefungwa waya, vile vile alivyoufunga yeye mwenyewe ulipovunjika. Mafuta ya mawese yalikuwa yanachemka. Unga wa mchele ulikuwa umekorogwa tayari ndani ya bakuli. Kigoda kilikuwa kimefutwa vumbi.

Hakuna aliyekikalia.

Harufu ya mkate ikakatika. Badala yake ikaja harufu ya kitambaa kipya, kilichofungiwa muda mrefu mahali penye unyevu. Ilikuja kutoka nyuma yake, karibu na shingo.

"Mikono yako mizuri," sauti ikasema.

Hakugeuka. Aliona tu ukingo wa koti, kwa pembe ya jicho, na kifungo, na kidole kirefu kikikishika kifungo hicho kwa upole.

"Mume wako yuko hapa. Barabara yako iko hapa. Kila jioni unailia. Kule umebaki na nini?" Sauti ilikuwa ya heshima, bila haraka. "Ungekubali kunifanyia kazi?"

Neno lilipanda.

Hilo ndilo lililomtisha Émérance kuliko tanuri na kuliko mikono ndani ya moto. Hakuna aliyemlazimisha. Neno lilipanda lenyewe kutoka kifuani, tamu, jepesi, likafika nyuma ya meno. Aliona jioni zote zile. Kiti cha Kasimu. Kicheko. Shingo ya mumewe chini ya taa.

Midomo yake ikaanza kufunguka.

Akashika ncha ya kitenge chake akaisukuma mdomoni, yote, mpaka kooni. Akakimbia.

Nyuma yake nyundo ikanyamaza. Tanuri likanyamaza. Katika ukimya ule sauti ikaanza kuuliza tena, na haikuwa mbali, ilikuwa sikioni mwake kabisa: "Ungekubali..."

Ndipo masini ikaanza kukimbia.

Ilikimbia kama haijawahi kukimbia hata wiki ya Noeli. Krrrrr! Ilipiga kelele, ilitetemeka, chuma kilipiga chuma, mpaka ile sauti ikazama na Émérance asisikie tena neno hata moja. Alipanda mlima analia, kitambaa mdomoni, huku Dominique akishona, akishona, akishona nyuma yake.

Kisha kitu kikavunjika.

Na masini ikanyamaza.

Heri alimkuta amepiga magoti mlangoni. Alilazimika kuvuta kitenge kwa nguvu, maana meno yalikuwa hayataki kuachia. Véronique alilia pamoja na mtoto wake. Émérance alipoweza kusema aliwaambia yote, na Heri akamsikiliza akitikisa kichwa.

"Shemeji, nyuma ya bohari hakuna njia. Kule iko tope na matete tu."

Kulipopambazuka alikwenda na majirani wawili kuangalia. Alirudi akasema hawakuona kitu. Lakini alisema akiwa anatazama ukuta, na jioni ile ile akahamisha pamba yake aliyokuwa ameianika upande ule.

Émérance alirudi Kasongo kwa kamio la kwanza. Marcellin, shemeji yake, alikuwa mkatekista na mtu asiyependa maneno ya uchawi. Ili kuyamaliza maneno hayo, aliomba ruhusa kwa wazee wa ukoo, bila kumwambia padri, wakaenda na jembe kwenye kaburi la Dominique. Émérance alisimama pembeni.

Dominique alikuwamo.

Marcellin alivuta pumzi kubwa. Sanduku lilikuwa limeoza, lakini mifupa ilikuwapo, na rozari, na vifungo vya shati alilozikwa nalo. "Unaona?" alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Kaka yangu iko hapa. Alilala hapa siku zote. Ile uliyoiona ni homa ya njia."

"Ondoa udongo pale kifuani," Émérance alisema.

"Kwa nini?"

"Nilimukunjia mikono kifuani mimi mwenyewe. Ondoa."

Marcellin alipangusa kwa kiganja, polepole. Mifupa ya mkono wa kuume ilishuka mpaka kifundoni, ikaishia pale, bila kiganja. Ya kushoto vile vile. Rozari ilikuwa imelala juu ya mbavu, haikushikwa na chochote.

"Panya," Marcellin alisema. "Panya wa porini. Wanachimba."

Walifukia haraka kabla jua halijashuka.

Émérance hakukaanga tena mikate ya mchele. Alilima mpunga kama wanawake wengine, alikwenda misa, alicheka mtu alipochekesha. Hakuna mgeni aliyewahi kusimama mbele ya nyumba yao. Wala si mgeni aliyekuwa anamwogopa. Kila jioni, majirani walipowasha majiko, aliikumbuka barabara yao, na hakuweza kujizuia. Aliikumbuka na neno lile likaja tena, likakaa nyuma ya meno, likingoja.

Mchana aliweza kulimeza. Ndotoni, nani atalimeza?

Kwa hiyo alimwomba binti yake alale naye mkeka mmoja. "Ukinisikia nasema ndiyo," alimwambia, "uniwekee mukono mudomoni. Hata nikikuuma. Usinionee huruma."

Léontine alikubali bila kuuliza. Mara nyingi asubuhi alikuwa na alama za meno kwenye kiganja, na wote wawili hawakuzitaja. Alitwanga, alifagia, akachota maji.

Kisha, siku moja mwanzoni mwa mvua, Émérance aliamka na mwanga umekwishaingia chini ya mlango. Alikuwa amelala vizuri, vizuri kupita kiasi, kama mtu aliyetua mzigo. Léontine alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, magoti kifuani, anamtazama.

Émérance alikishika kiganja cha binti yake akakigeuza kwenye mwanga. Hakikuwa na alama yoyote.

"Usiku huu," aliuliza, "nilisema kitu?"

Léontine alikivuta kiganja chake.

"Sijui, mama," alisema. "Nililala."