Gari Lililofundishwa Utani

Gurudumu la mbele lilifika kwenye jiwe, likasita, kisha likajikunjua. Magamba yake ya chuma, ambayo kwenye ardhi tambarare hulala yamebanana kama ya samaki, yalisimama moja baada ya jingine, yakalikumbatia jiwe lile pande zote na kupima kama lingeweza kubeba uzito. Ndipo gari zima lilipopanda taratibu, bila kurusha kokoto hata moja, likateremka upande wa pili na kuyalaza magamba yake tena.

"Limeshika," alisema Aikande Mushi kutoka nyuma ya usukani.

"Limeshika, lakini nasikia kitu kinalia huko nyuma," alijibu wifi yake, Nakijwa, aliyekuwa akitembea kando ya gari na kopo la grisi mkononi. "Au ni wewe unayelia, Mchaga, kwa kuwa jiwe hilo huwezi kuliuza?"

Namsifu, binti wa Aikande mwenye umri wa miaka kumi na minne, alicheka hadi akaangusha tochi. Aikande alitabasamu. Hakujibu.

Gari lile lilikuwa la aina iliyoitwa Palahala, gari-nyika lililotengenezwa kabla ya barabara-ongozi kuenea nchini. Barabara-ongozi zilikuwa zimepandwa nyuzi za taarifa chini ya lami, na nyuzi hizo ndizo zilizoyaendesha magari-tii yote ya jiji la Same. Abiria alitaja aendako, akaketi, akafika. Ajali zilikuwa zimekwisha kabisa, na Aikande, aliyekuwa mhandisi wa nyuzi hizo, alijivunia jambo hilo kwa haki. Lakini pale uzi ulipokoma, gari-tii lilikoma nalo. Uzi wa Same ulikoma chini ya milima ya Upare. Vyombo vya angani navyo havikutua huko juu, kwa sababu ukungu wa milimani ulivipofusha macho.

Huko juu, katika kijiji cha Vughoma, kulikuwa na ndiva, yaani bwawa la kale la kukusanyia maji ya mifereji. Kila mwaka, kabla ya mvua, nyumba zote zenye zamu ya maji zilikutana kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuondoa tope. Roboti wa kuzoa tope walikuwapo, na wazee hawakuwakataa. Walichokikataa ni kimoja: mashine inaweza kuchimba, walisema, lakini haiwezi kuwa nyumba. Nyumba isiyoleta mtu kwa miaka mitatu mfululizo hupoteza zamu yake.

Mume wa Aikande, Mbazi, alikuwa amefariki kwa maradhi. Tangu msiba ule hakuna mtu wa nyumba yake aliyepanda Vughoma, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Zamu ile ya maji, pamoja na shamba iliyolinywesha, ndicho kitu pekee ambacho Namsifu angerithi katika nchi ya baba yake. Msimamizi wa ndiva alikuwa Mzee Kiure, baba yake Mbazi na Nakijwa, na kwa sababu hiyo hiyo asingethubutu kuipendelea nyumba ya mwanawe.

Ndiyo maana Aikande alikwenda kwenye mnada wa mamlaka ya misitu na kurudi akiwa amelikokota gari bovu.

Walilitengeneza kipupwe kizima, uani. Namsifu aliyasugua magamba kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka yakaacha kukwaruza. Nakijwa, aliyewahi kufundisha ushonaji katika chuo cha ufundi, alivua viti vyote na kuvishona upya kwa turubai nene. Baridi yabisi ilikuwa imemkaza mkono wa kulia, hivyo asingeweza kuendesha, lakini sindano bado ilimtii. Aikande aliibadilisha betri ya chumvi, akaunganisha nyaya, akajifunza upya kuzungusha usukani kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo watu wengi wa jijini hawakuwahi kulifanya. Jioni walilitoa hadi kwenye mbuga iliyo nyuma ya mashamba ya mkonge, wakapanda vichuguu na kuvuka makorongo makavu, Namsifu akipiga mluzi dirishani na Nakijwa akiwatania wote wawili.

"Namsifu, hesabu spana. Mama yako kashika boksi."

"Shangazi, na mimi nina damu yake."

"Wewe ni nusu mwizi. Nusu yako ya Kipare itakushitaki mahakamani."

Utani wa Wapare na Wachaga, Mpare akimwita Mchaga mwizi na Mchaga akimwita Mpare mpenda kesi, ni wa tangu enzi za mababu, na zamani haukuhitaji kuelezwa. Lakini mjini kila kitu kilikuwa kimepewa masikio: milango, vibanda vya chakula, magari-tii. Masikio hayo yaliyachukua maneno kama yalivyo. Mtu mmoja alimwambia rafiki yake, kwa kicheko, kwamba leo atamuua kwa chakula, na mlango wa hoteli ukamfungia ndani mpaka askari walipokuja. Watu walijifunza. Walianza kuzungumza kwa maneno yaliyonyooka, kama matangazo ya kituo cha treni, hata wakiwa wao kwa wao. Hakuna sheria iliyoukataza utani. Ulijikunja wenyewe tu, ukabaki vinywani mwa wachache wakaidi kama Nakijwa.

Palahala nalo lilikuwa na masikio. Ubongo wake wa kuongoza njia ulikuwa umeondolewa kabla ya mnada, lakini sehemu moja ilibaki, nayo iliitwa Mlinzi. Wakati gari lilipokuwa la askari wa misitu, kazi ya Mlinzi ilikuwa kuwazuia majangili wa mbao wasiliibe. Aliwasikiliza waliomo, akapima imani yao wao kwa wao, na akiona dereva haaminiwi na wenzake, alifunga usukani. Hakuweza kung'olewa, kwa kuwa ndiye pia aliyeyaamrisha magamba ya magurudumu. Mbugani alikuwa amesinzia, na Aikande alidhani usingizi ule ni uzee.

Siku ya msaragambo waliondoka kabla jua halijakolea. Majembe yalikuwa yamefungwa juu ya paa, na kikapu cha makande kilikuwa miguuni pa Nakijwa. Uzi wa barabara ulikoma, magari-tii yakabaki nyuma yamejipanga, na Palahala likaingia kwenye njia ya mawe kama ng'ombe aliyeona maji. Magamba yalifunguka na kujifunga. Chini yao tambarare ilizidi kupanuka. Namsifu alitoa kichwa nje, nywele zimejaa vumbi, akataja kila kilima alichokuwa akikumbuka kutajiwa na baba yake.

"Punguza mwendo, wifi," alisema Nakijwa. "Huu mlima hauibiki. Umejaribiwa."

Aikande alitabasamu tena, macho njiani.

Kisha njia ikaingia msituni. Gurudumu liligusa udongo mweusi wenye mizizi na majani yaliyooza, na gari likasimama. Usukani ukakaza. Taa ndogo katikati yake, ambayo siku zote ilikuwa ya kijani, ikawa nyekundu.

"Udongo wa msitu umetambuliwa," ilisema sauti kavu isiyo ya mwanamume wala mwanamke. "Mlinzi yuko macho. Usukani umefungwa. Dereva ametajwa na mwenzake kuwa mwizi."

Nakijwa ndiye aliyetangulia kusema, akiwa ameweka mkono kifuani.

"Jamani, ni mimi. Nilikuwa natania."

"Ametajwa mara nyingi," alisema Mlinzi. "Hata usingizini nilisikia. Mwizi wa spana. Mwizi wa mlima."

"Basi sikiliza," alisema Nakijwa, akajinyoosha kitini na kuzungumza kwa sauti ya mhudumu wa benki. "Mheshimiwa wifi yangu ni mtu mwaminifu sana. Ninamshukuru kwa uendeshaji wake mzuri."

"Sauti imebadilika ghafla," alisema Mlinzi. "Mtu aliyetishwa huzungumza hivyo. Imani imeshuka zaidi."

"Hata heshima huitaki, wewe gari?"

Namsifu aliuliza kama wangeweza kukata waya wa Mlinzi. Aikande alitikisa kichwa, akaeleza kwa utulivu aliokuwa akiutumia kazini: bila Mlinzi magamba yangelala, na kwenye mteremko ule gari lingeserereka hadi bondeni. Kwenda kwa miguu kungewafikisha baada ya majina kuitwa, na majina huitwa jua likifika utosini. Kwa upenyo wa matawi aliona kwamba jua halikuwa mbali na hapo.

"Mlinzi," aliita hatimaye, "kuna ushahidi gani mwingine juu yangu?"

"Uliiba kaka."

Nakijwa aliinua kichwa ghafla.

"Maneno ya mwenzako, siku ya kushona viti," aliendelea Mlinzi. "'Mchaga, ulituibia kaka yetu.' Dereva hakukanusha. Katika mashtaka yote, dereva hakukanusha hata moja. Asiyekanusha ana hatia."

Aikande aliondoa mikono kwenye usukani na kuiweka mapajani. Alikuwa amejiandaa kwa kosa la mashine, na kosa la mashine angelitafuta mpaka alipate. Hili halikuwa la mashine. Kwenye msiba wa Mbazi watani walikuja kama desturi inavyotaka. Walilizuia jeneza mlangoni, wakadai kwamba marehemu anajifanya tu kulala ili akwepe kesi ya mbuzi, na waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka. Wote walimgeukia yeye, mjane, wakingoja ajibu. Alishindwa. Tangu siku hiyo alipokea kila utani kwa tabasamu, akidhani tabasamu linatosha, na kwamba hakuna aliyeona.

"Wifi," alisema Nakijwa polepole, "hilo la kaka nilikuambia mara ya kwanza siku mlipoleta jibu la barua ya uchumba. Siku hizo ulikuwa unanijibu."

"Najua."

"Nimekaa miaka miwili nakurushia maneno kama mtu anayerusha mawe kisimani, nisikie kama bado kuna maji."

Aikande alifuta uso kwa kiganja, akajiachia vumbi shavuni. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Sikumwiba kaka yenu. Nilimwokota. Nilimkuta kakonda, maana kwenu chungu huinjikwa siku ya kushinda kesi tu, na hamjawahi kushinda."

Nakijwa alimtazama. Kisha alicheka kicheko kilichoanzia tumboni, akapiga turubai ya kiti kwa mkono wake mzima.

"Kakonda! Mliponona kwa ndizi ndipo mkaona wenzenu wamekonda!"

"Na ulipokuja kumtembelea ulikula ndizi hizo mpaka mume wangu akauliza kama mgomba nao umehama na wewe."

"Aliuliza kweli, huyo mpumbavu," alisema Nakijwa, na sasa alikuwa akilia na kucheka pamoja, na Aikande vilevile. Namsifu, aliyekuwa hajamsikia mama yake akizungumza hivyo kwa muda mrefu, hakujua ashike bega la nani. Akashika yote mawili.

Taa ya usukani iligeuka njano.

"Nimesikia tuhuma, jibu, tuhuma na kicheko," alisema Mlinzi. "Sina fungu la kuliweka jambo hili. Naomba maelezo."

Wanawake wawili hawakuwa na pumzi ya kuelezea. Namsifu ndiye aliyesogea mbele.

"Huo ni utani. Haufanywi na mtu yeyote. Lazima awe mtani wako. Anakuita mwizi kwa sababu anajua wewe si mwizi, na anajua utamjibu."

"Mwizi halisi hufanyaje akiitwa mwizi?"

Namsifu alifikiri. "Hukimbia. Au hukasirika. Hamwiti aliyemtaja waje wale pamoja."

"Na asiyejibu?"

"Asiyejibu..." Namsifu alimtazama mama yake. "Huyo ana huzuni. Mngoje."

Kule mbele ndege alilia, na magamba ya gurudumu la kushoto yakajiweka sawa kwenye mzizi.

"Kwa hiyo tuhuma si ushahidi mpaka jibu lisikike," alisema Mlinzi. "Nimepokea. Usukani umefunguliwa."

Walipotokea juu ya ukingo wa ndiva, watu walikuwa wamekwisha kushuka kwenye tope, suruali na vitenge vimepandishwa magotini. Mzee Kiure alikuwa amesimama kwenye lango la maji, akiita nyumba moja baada ya nyingine bila karatasi. Aliliona gari, hakubadilisha sauti wala mpangilio wake. Ilipofika zamu, aliita kama alivyoita nyingine zote:

"Nyumba ya Mbazi."

"Tupo," alijibu Namsifu, akiwa amesimama kwenye hatua ya gari, jembe begani.

Mzee aliinama kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Alimwamkia mkwewe kwa heshima inayompasa mkwe, akaendelea kuita. Lakini chini kwenye tope kijana mmoja wa ukoo, shemeji yake Aikande, hakuwa na kizuizi cha namna hiyo. Alijishika kiuno na kupaza sauti ili bwawa zima lisikie.

"Mchaga huyo! Umekuja kutusaidia kuzoa tope, au kulipima ukaliuze Moshi?"

Vicheko vilivuma pembeni, kisha vikakoma, maana waliokuwapo msibani walikumbuka. Namsifu aligeuka kuitazama taa ya usukani. Ilikuwa imetoka kwenye kijani, imefika njano, na hapo imetulia. Mlinzi hakuwa amefunga kitu. Alikuwa anangoja, kama wote walivyokuwa wakingoja.

Aikande alivua viatu, akaviweka juu ya boneti, akachukua jembe lake.

"Tope kaeni nalo, shemeji," alisema akiteremka. "Nimekuja kuangalia kama maji bado yapo, au mmeyashitaki yakakimbia."